Tangi Lililoisha Gari Limesimama

Ardis Rovang alisali sala yake ya asubuhi ndani ya gari la kanisa, glavu mikononi, kofia ya marehemu mumewe kichwani, pumzi ikimtoka kama mvuke wa birika.

"Bwana, asante kwa siku hii. Asante kwa mahindi. Uwabariki wote wanaonisubiri, hasa Bibi Borghild kule mwisho wa barabara. Na ile taa ya mafuta, ukipenda, izuie mpaka Ijumaa. Amina."

Akafumbua macho, akaitazama dashibodi. Ilikuwa Jumatano, na taa ilikuwa imeshawaka.

"Haya," akamwambia Mungu, "tutaongea baadaye."

Kazi yake ilikuwa kupeleka chakula cha moto kwa wazee wanaoishi peke yao mashambani, nje ya mji mdogo wa Nordvang. Akina mama wa kanisa walipika chini ya ardhi, kwenye ukumbi wa kanisa: viazi, nyama ya kusaga na uyoga, vyote vikiokwa katika bakuli moja kubwa. Ardis aliyapakia masanduku, akayazungushia mablanketi, akaondoka. Tangu alipofiwa na Gaylen, safari hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi. Kwa watu alisema anawasaidia wazee. Kwa Mungu, ambaye hadanganyiki, alisema wazee wanamsaidia yeye.

Kiangazi kilichopita, tangi moja lililojazwa Jumatatu lilimfikisha Ijumaa na mafuta yakabaki. Lakini tangu ziwa lilipoganda, halikuvuka Jumatano hata mara moja. Baraza la kanisa lilikuwa limeshaliona hilo. Jumapili iliyotangulia, mwenyekiti Harlan Skogen alikohoa, akakizungusha kikombe chake cha kahawa, akasema:

"Sasa, mimi sijui. Nawaza tu. Labda, pengine, gari lingekuwa linageuzia pale lami inapoishia. Wale wa mbele tukawapelekea chakula kilichogandishwa, mara moja kwa wiki. Lakini sijui."

Huku Minnesota, mtu akisema "sijui" mara mbili, ujue ameshaamua. Na Borghild Kvam alikaa mbele kabisa ya pale lami inapoishia.

Jumatano hiyo, baada ya kumaliza mzunguko, Ardis alikwenda kujaza mafuta. Kituoni alimkuta shemeji yake, Orlin Rovang, mdogo wake Gaylen, amesimama kando ya pampu kana kwamba amepangwa zamu. Orlin alikuwa fundi wa magari mpaka alipostaafu, na kustaafu kwenyewe hakukumfunga mdomo.

"Shemeji," alisema, akilitazama bomba la njano mkononi mwa Ardis, "unalilevya tena?"

"Nalilisha."

"Unalilevya. Gari la kanisa, tena la Kilutheri, halafu unashangaa haliwezi kutembea mpaka Ijumaa."

"Ndugu yako alikijenga kile kiwanda kwa mikono yake, Orlin."

"Ndugu yangu alifanya mambo mengi mazuri. Kiwanda kile usikihesabu."

Kiwanda chenyewe kilionekana kutoka hapo walipokuwa, moshi wake mweupe ukisimama wima katika baridi. Mahindi ya wilaya nzima yaliingia upande mmoja, na upande wa pili ikatoka ethanoli, pombe kali ya kuchanganywa na petroli. Bomba la njano lilitoa mchanganyiko wenye ethanoli nyingi kuliko yote. Gaylen alikuwa mmoja wa wakulima waliotia hisa zao pale mwanzoni, na mpaka anakufa hakugusa bomba jingine. Kila akimaliza kujaza, alilipiga gari makofi mawili ubavuni, kama mtu aliyetoka kumlisha ndama wake. Ardis naye alifanya hivyo hivyo. Kwake yeye, kubadili bomba kulikuwa kama kubadili kanisa.

"Nikufundishe kitu," alisema Orlin.

"Hata nikikataa utanifundisha."

"Galoni ya ethanoli ina nguvu pungufu kuliko galoni ya petroli, pungufu kwa theluthi moja. Ni uji mwepesi. Tumbo linajaa, lakini njaa inarudi mapema. Hapo sijagusa baridi. Pombe haipendi kuwaka kwenye baridi. Hao hao wa kiwandani wanajua! Ndiyo maana msimu huu wanaipunguza, wanaongeza petroli. Hilo bomba lako la njano, hivi tunavyoongea, karibu nusu yake ni petroli. Umekuwa upande wangu tangu Novemba, shemeji, na hukujua."

Alicheka mpaka barafu iliyoganda kwenye masharubu yake ikadondoka.

Ardis akauliza, "Kiangazi mahindi yalikuwa mengi zaidi ndani ya bomba hili?"

"Mengi zaidi, ndiyo."

"Na tangi lilifika Ijumaa."

Kicheko cha Orlin kikapungua.

"Sasa mahindi ni machache, na tangi halifiki hata Alhamisi. Basi mahindi yamekosa nini?"

"Ni baridi," alisema Orlin. "Oili inakuwa nzito kama asali, injini inachelewa kupata moto, upepo wa matairi unapungua."

"Basi mkosaji ni baridi. Si mahindi."

"Wote wawili! Baridi na mahindi. Wamekula njama." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Jumatatu tujaze petroli tupu, isiyo na hata punje moja ya mahindi. Matairi nitayajaza upepo mimi. Nitapanda na wewe wiki nzima, nione kwa macho yangu. Likifika Ijumaa, utalihama bomba la njano, na Harlan hatakuwa na neno. Bibi Borghild atakula chakula cha moto."

"Na lisipofika?"

"Litafika."

Ndivyo Ardis alivyojikuta usiku ule amepiga magoti kando ya kitanda, akiomba shemeji yake ashinde. Ilikuwa sala ngumu. Ilibidi airudie mara kadhaa mpaka aitamke bila kuuma meno.

Jumatatu walianza. Orlin alikaa kiti cha pembeni akiitazama mishale ya dashibodi kama daktari anayemtazama mgonjwa. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee Sivert. Ardis alishuka na sanduku la chakula, injini akaiacha inanguruma, kama kawaida. Nani azime gari kwenye baridi ya namna ile, na yeye ni wa kuingia na kutoka?

Lakini huku kwetu mtu haingii na kutoka. Anaingia, anakaa, kisha anajipiga mapaja na kusema, "Haya basi." Hiyo si kuaga, ni kutangaza kwamba kuaga kunakaribia. Baadaye anasimama, na akisimama ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza. Mlangoni anafungiwa kipande cha keki. Barazani anaonyeshwa mti ulioanguka. Mwishowe anafika garini, na mwenyeji anamfuata hadi dirishani, bila koti, akiapa kwamba hasikii baridi, na hapo ndipo anapokumbuka habari kubwa kuliko zote. Anayeondoka bila kupitia hatua hizo, watu humpigia simu jioni kumuuliza kama anaumwa.

Siku hiyo ya kwanza Orlin alipiga honi. "Twende, mama! Viazi vinapoa!"

Jumanne Sivert alimwita asikilize mlio fulani kwenye trekta lake, na Orlin akashuka. Hakurudi upesi. Kwa mzee wa nyumba iliyofuata alishuka bila kuitwa. Yeye mwenyewe Orlin alikuwa amefiwa na mkewe miaka mingi, na nyumbani kwake mwenye kumjibu alikuwa redio tu. Ardis alimwona kupitia kioo, ameegemea uzio, akichora karabureta hewani kwa vidole vya glavu, na mzee mwenzake akitikisa kichwa kwa furaha. Akamwacha.

Jumatano mchana walifika kwa Borghild. Alikuwa bibi mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali, na siku hiyo alikuwa ametengeneza lefse, ule mkate mwembamba wa viazi unaopakwa siagi na sukari na kukunjwa. Orlin alikula moja, akala nyingine, akavua viatu.

"Mumeo alikuwa na lile trekta la kijani," alisema.

"Lililokataa kuwaka siku ya mazishi yake," alisema Borghild. "Hata yeye lilimchukia."

"Si chuki, bibi, ni plagi. Ningeambiwa ningekuja."

"Sasa umeambiwa. Kula."

Ardis akajipiga mapaja. "Haya basi."

"Haya basi," wakaitika wote wawili, na hakuna aliyesogea.

Baada ya muda mrefu wakafika garini. Ardis alikaa kwenye usukani. Borghild alisimama dirishani, shali begani. Orlin aliegemea boneti, kwa kuwa ilikuwa na joto zuri, akisimulia jinsi Gaylen alivyowahi kuendesha gari juu ya ziwa lililoganda akimfukuza mbwa aliyekimbia na samaki wake.

"Na mbwa, kumbe," alisema Orlin, "mbwa mwenyewe..."

Injini ikakohoa. Ikatetemeka. Ikanyamaza.

Kukawa kimya, kimya cha baridi kali, mtu anaposikia waya za umeme zikiimba barabarani.

"Umezima?" aliuliza Orlin.

"Sijagusa kitu."

Orlin akaingia, akamsogeza Ardis, akageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikuwaka. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa kama ng'ombe aliyegoma, na taa ilikuwa inawaka. Imewaka tangu saa ngapi, hakuna aliyejua, maana hakuna aliyekuwa akiitazama.

"Leo Jumatano," alisema Ardis.

"Najua leo ni siku gani."

"Petroli tupu. Isiyo na hata punje."

"Najua kilichomo, shemeji!"

"Hakuna kilichomo."

Borghild aliingiza kichwa dirishani, macho yakimng'aa. "Mimi sijui mambo ya magari," alisema. "Lakini hili halijaenda popote tangu mlipokuja. Muda wote huo lilikuwa linakula chakula cha nani?"

Ardis alimwona Orlin akihesabu kwa vidole ndani ya glavu: kwa Sivert, kwa mzee wa uzio, kwa wale wazee mapacha wa ukoo wa Lindahl, kwa Borghild, kila nyumba na kuaga kwake, kila kuaga na injini yake inayonguruma. Gari linalonguruma limesimama, kwa mawazo ya watu wa Nordvang, ni gari ambalo halijaanza kutumika. Hata fundi hakuwahi kuliwaza vinginevyo.

"Mahindi yamechukua sehemu yake," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Na baridi sehemu yake. Nyingine yote..."

"Tumeimaliza kwa kuaga," alisema Ardis.

Bandani kwa Borghild kulikuwa na dumu la mafuta ya mashine ya kukatia majani, limebaki tangu kiangazi. Orlin alilinusa.

"Haya yana mahindi?"

"Yana mahindi, yana majani makavu, na nadhani yana mende mmoja," alisema Borghild. "Unayataka, au utalala hapa?"

Orlin akayachuja kwa kitambaa, akayamimina mwenyewe, mpaka tone la mwisho. Gari likawaka. Ardis akatoa mkono dirishani, akalipiga makofi mawili ubavuni.

"Usimwambie mtu," alisema Orlin barabarani.

Ardis alikuwa na hofu nyingine. Akinyamaza, njia itakatwa pale lami inapoishia. Akisema ukweli, Harlan atakohoa, atakizungusha kikombe, na funguo atapewa dereva mwepesi, mtu wa kuweka sanduku mlangoni, kubonyeza kengele na kuondoka. Wazee watapata viazi vya moto, nao wataachwa na baridi ile nyingine. Na yeye atakuwa kitandani asubuhi, akiitazama dari.

Jumamosi alisali akiwa jikoni, mikono ndani ya maji ya vyombo. "Bwana, nilikuomba uizuie taa, hukuizuia. Nadhani ulikuwa na sababu. Sasa naomba maneno ya kesho. Yawe machache, maana unanijua."

Baraza lilikutana baada ya ibada, chini kule ukumbini, kahawa mezani. Harlan akakohoa. "Sasa, lile suala la gari. Nasikia tangi halikufika. Mimi sijui..."

Ardis akashika ukingo wa meza ainuke. Orlin akawa amesimama tayari.

"Ni mimi," alisema, masikio yamemwiva. "Nilijaza petroli tupu, mafuta ninayoyasifia tangu nilipokuwa na nywele. Yameisha Jumatano, kwenye uwanja wa Bibi Borghild, gari limesimama, kiwiko changu kiko juu ya boneti, ninasimulia habari za mbwa. Mkosaji siyo bomba. Ni kuaga. Na kama mnataka kumfukuza dereva, mfukuzeni pamoja na abiria."

Watu wakacheka, mtu mmoja akamwaga kahawa. Harlan naye alitabasamu, lakini hakuacha kukizungusha kikombe.

"Nakushukuru, Orlin. Ni uungwana. Basi labda, nawaza tu, tungepata dereva asiye na... mazungumzo mengi. Lakini sijui."

Sijui ya pili ilikuwa imetoka. Ardis akayatafuta yale maneno aliyoyaomba. Yalikuja machache kweli.

"Harlan, gari lako liko wapi?"

"Nje."

"Linafanya nini?"

Harlan akainua macho kwenye madirisha, na watu wote wakamfuata. Madirisha ya ukumbi ule yako juu ukutani, sawasawa na ardhi ya nje, na siku hiyo vioo havikuonyesha theluji wala anga. Vilikuwa vyeupe kwa moshi. Magari ya waumini yalipangana kule nje, kila moja limegeuza mkia kwenye dirisha, na yote yalikuwa yananguruma. Harlan alikuwa ameliwasha lake kutoka mbali, kwa kubonyeza ufunguo mfukoni wakati wa wimbo wa mwisho, ili alikute lina joto. Kisha akashuka kunywa kahawa. Wengine walikuwa wamefanya vivyo hivyo, kama kila Jumapili, na kwa kawaida kutoka kahawa mpaka kuondoka kweli ni safari ndefu.

Mwenyekiti akatoa ufunguo mfukoni, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akabonyeza. Nje injini moja ikanyamaza. Mtu wa pili akabonyeza. Halafu mwingine. Zikanyamaza moja baada ya nyingine, kama watu wanaovua kofia kanisani, mpaka ukumbi mzima ukaisikia saa ya ukutani.

"Ardis," alisema Harlan, bila labda wala pengine, "tafuta waya mrefu wa umeme. Ukifika nyumba ya mtu, zima, chomeka kile kipasha-injini cha umeme isigande, kama tunavyofanya nyumbani usiku, halafu kaa unavyotaka. Tangi likifika Ijumaa, njia haikatwi."

"Na bomba?" aliuliza Orlin haraka.

Ardis akamtazama. "Baridi hii nitatumia lile la katikati, lenye mahindi kidogo. Theluji ikiyeyuka narudi kwenye njano."

"Gaylen angesema umemsaliti."

"Angesema nimefika kwa Borghild."

Orlin akajimiminia kahawa nyingine, akamjazia na Ardis.

Jumatatu, Ardis alipoingia uwanjani kwa Borghild, bibi alikuwa amesimama barazani na ncha ya waya mkononi, kama anayemsubiri ng'ombe kwa kamba. Ardis akazima injini. Wakachomeka. Ukimya ulikuwa mkubwa hata wote wawili wakaona haya kidogo.

"Haya basi, binti," alisema Borghild, "nisikucheleweshe."

"Bibi! Ndiyo kwanza nimefika."

"Najua. Nimeona safari hii tuanze kuaga mapema."

Wakaanza mlangoni kuaga, wakaendelea kuaga juu ya viazi na lefse. Orlin hakuwapo, alikuwa bandani na lile trekta la kijani, na kila baada ya muda walimsikia akilisihi.

Ijumaa Ardis alifika tena, akala, akaaga hatua zote. Alipoingia garini na kugeuza ufunguo, alikumbuka kwamba hakuwa ametazama dashibodi tangu asubuhi, kwa woga. Akatazama. Mshale ulikuwa chini, chini sana, lakini ulikuwa haujalala. Taa ilikuwa imezima.

Akafumba macho, mikono juu ya usukani. "Bwana, asante," alianza, "asante kwa..."

Kioo kikagongwa. Borghild alikuwa dirishani, bila koti, akiapa kwa mikono kwamba hasikii baridi.

"Nilisahau kukuambia jambo kubwa!"

"Subiri kidogo," Ardis alimwambia Mungu. Akazima injini, akateremsha kioo. "Niambie, bibi."